Mjadala: maisha yetu ya msikitini New York yarekodiwe au yaachwe?

Assalaam aleykum wadau, naomba tulijadili hili maana Ijumaa iliyopita limetugawa kabisa hapa msikitini kwetu New York. Vijana wanataka kurekodi maisha yetu ya kila siku, futari, madrasa, harusi, wazee wakagoma katakata, mmoja akawaambia "wanangu, sisi tulishapigwa picha za kutosha."

Na hajakosea. Kwa wasiojua, kuanzia 2003 polisi wa New York walikuwa na kitengo cha kuzunguka mitaa ya Waislamu wanaandika kila kitu, kinyozi yupi, mgahawa upi, nani anauza nyama ya halali, watu wanaongea lugha gani, na misikitini wakapenyeza mashushushu. Shirika la habari la AP ndo likafichua 2011, mwaka uliofuata ofisa mkubwa wa polisi hao akakiri kwa kiapo kwamba taarifa za kitengo kile hazijawahi kuanzisha upelelezi hata mmoja! Wakakifunga 2014. Sasa mzee aliyepitia hayo akikuta kamera pale tunapovulia viatu, afurahi vipi?

Ila mi bado nasema turekodi, na sababu yangu ni hiyohiyo. Inaniuma kwamba vinyozi wetu na migahawa yetu wameandikwa kwa kirefu kwenye mafaili ya polisi halafu sisi wenyewe hatuna hata daftari. Kuna mama yetu mmoja Ramadhani nzima anafika saa tisa mchana, anakoroga uji kwenye sufuria lile ambalo mfuniko wake umefungwa waya, akimaliza anawafungia sambusa kwenye foili madereva teksi ambao magharibi itawakuta barabarani, anajua nani hali pilipili. Hilo shushushu gani aliliandika?

Lakini ruhusa iwe ruhusa kweli, siyo kutangaza kwenye spika baada ya swala halafu basi, unamfuata mtu unamuuliza kwa lugha yake na akikataa unaondoka. Dada yangu alishawahi kurushwa mtandaoni akiwa kwenye sijda, alikaa miezi haji msikitini, kwa hiyo hili silichukulii kirahisi. Mi naona tuanze na sauti tu, wazee waongee, na rekodi zikae kwao wenyewe, wakitaka kufuta wafute.

Nyie wa Minneapolis na Columbus, misikitini kwenu mmekubaliana vipi? Na hasa kina mama, nyie mnasemaje?