Apple IIe: kuongezea Monita amri ya kutafuta kwa Control-Y

Katuba6502 (Lubumbashi)

Jambo ba yaya. Mashine ni Apple IIe ya kwanza, si ile iliyoboreshwa. Ina kilobaiti 64, DOS 3.3, na disketi mbili kwenye sloti 6. Monita yake (programu ndogo iliyo ndani ya ROM, ya kuchungulia na kubadilisha kumbukumbu) inajua kuonyesha kumbukumbu, kuhamisha (M), kulinganisha (V) na kuorodhesha (L), lakini kutafuta haijui. Nataka kuipa amri hiyo kupitia Control-Y: naandika anwani, alama ya <, kisha eneo, nayo inionyeshe kila mahali anwani ile inapotajwa.

Rutini iko 300 (anwani zote hapa ni za heksadesimali), na vekta, yaani mahali Monita inaporukia ikiona Control-Y, nimeiweka hivi: `3F8:00 03`. Nikibonyeza Control-Y na Return kengele inalia, inatokea 03FA- pamoja na rejista zote. Nikijaribu kwa 300G (G huendesha programu iliyo kwenye anwani hiyo) haipati kitu. Mwisho wa mzunguko wangu ni huu:

```
     INC $3C
     BNE R
     INC $3D
R    LDA $3D
     CMP $3F
     BCC MWANZO
     RTS
```

Kosa liko wapi?

fundi_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Ndugu, makosa ni mawili, na la pili hujakutana nalo bado.

La kwanza: 3F8 si mahali pa anwani tupu. Monita ikiona Control-Y inaruka moja kwa moja kwenye 3F8 na kuanza kutekeleza kilichopo hapo, kwa hiyo lazima pawe na JMP (amri ya kuruka) nzima: `3F8:4C 00 03`. Wewe umeweka 00, na 00 ni BRK, amri ya kukatiza programu. BRK huhifadhi anwani yake ikiongezwa 2, ndiyo maana unaona 03FA. Vekta iliyo tofauti ni ya 3FE, ya IRQ (ombi la kukatiza linalotoka kwa vifaa): ile kweli ni anwani tupu ya baiti mbili. Watu wengi huzichanganya.

Na usijaribu kwa 300G. Ukiandika 300, Monita inajaza 300 hiyohiyo kwenye A1 (mwanzo wa eneo, 3C na 3D) na A2 (mwisho wake, 3E na 3F). Eneo lako limekwisha kufutika kabla rutini haijaanza.

La pili ni mzunguko. Unalinganisha baiti ya juu peke yake. Ukitafuta 800.95FF utasimama ukifika 9500, na ukurasa wa mwisho wote haukuguswa. Ukitafuta 800.8FF itasomwa baiti moja tu. Usiandike ulinganisho wako mwenyewe: ROM ina NXTA1 kwenye FCBA, inalinganisha A1 na A2 kwa biti zote 16, kisha inaongeza A1. Ikirudi na bendera ya Carry ikiwa 1, eneo limekwisha. Kwa kuwa inalinganisha kabla ya kuongeza, hata eneo linaloishia FFFF linasimama vizuri. Mzunguko unaoongeza kwanza hurudi 0000 ukizunguka bila mwisho.

Namba iliyo kabla ya < inaingia A4: baiti ya chini 42, ya juu 43. Ni mpangilio uleule 6502 (prosesa ya mashine) inaoutumia ndani ya kumbukumbu, kwa hiyo hakuna kugeuza chochote:

```
0310  A0 00     LDY #$00
0312  B1 3C     LDA ($3C),Y
0314  C5 42     CMP $42
0316  D0 0A     BNE $0322
0318  C8        INY
0319  B1 3C     LDA ($3C),Y
031B  C5 43     CMP $43
031D  D0 03     BNE $0322
031F  20 92 FD  JSR $FD92
0322  20 BA FC  JSR $FCBA
0325  90 E9     BCC $0310
0327  60        RTS
```

FD92 huanza mstari mpya, huandika A1 na kistari. Inaharibu X na Y, na INY nayo huiacha Y ikiwa 1, ndiyo sababu BCC inarudi hadi LDY.

Nimeiweka 310 kwa makusudi, ili 300 mpaka 30F pabaki kwa kipande cha kuweka vekta, maana BRUN (amri ya DOS ya kupakia faili na kuiendesha) huanzia baiti ya kwanza ya faili. Mini-assembler (ya kugeuza majina ya amri kuwa namba) huna kwenye ROM hiyo, basi andika namba zenyewe:

```
300:A9 4C 8D F8 03 A9 10 8D
308:F9 03 A9 03 8D FA 03 60
310:A0 00 B1 3C C5 42 D0 0A
318:C8 B1 3C C5 43 D0 03 20
320:92 FD 20 BA FC 90 E9 60
```

Kagua kwa 300L kabla ya kitu kingine chochote. Halafu 3D0G kurudi BASIC, `BSAVE TAFUTA,A$300,L$28`, kisha `BRUN TAFUTA`. Hifadhi mapema. Umeme ukikatika, baiti 40 zote ni kuandika upya. Na BRUN ifanye kila baada ya kuwasha: DOS ikipanda huandika upya sehemu ya juu ya ukurasa wa 3 kuanzia 3D0, vekta yako inafutwa. Control-Y ikilia kengele tu na kukurudishia nyota, ni vekta ya DOS unaiona, si kosa la rutini.

Jaribio: `FDED<F800.FFFF`, Control-Y, Return. Control-Y haionekani kwenye skrini, usiibonyeze mara mbili. Kati ya majibu lazima uone FDA1-. Hiyo ni anwani ya namba inayofuata amri. Amri yenyewe, JMP $FDED, iko FDA0.

Katuba6502 (Lubumbashi)

Aksanti sana yaya, FDA1- imetokea. Rutini ya zamani ya baiti 24 ilikuwa 300, nikataka kuihamisha kwa `310<300.317M` badala ya kuandika tena, lakini baiti 8 za mwisho zimetoka vibaya. Halafu nilipotafuta 800.FFFF mashine imeganda.

ziwa_kivu_asm (Bukavu)

M hunakili kuanzia chini kwenda juu, baiti moja moja. Ilipofika kusoma 310, palikuwa tayari pameandikwa nakala ya 300. Maeneo yakipandana namna hiyo pita kwanza pembeni: `380<300.317M`, kisha `310<380.397M`. Branch za 6502 hupima umbali, si anwani, ndiyo maana rutini hii inahama bila kubadilishwa hata baiti moja.

Kuganda ni jambo zito zaidi, na kila anayeandika vifaa vya Monita alijue. Kati ya C000 na C0FF hakuna kumbukumbu. Ni swichi, na nyingi zinageuka kwa kusomwa tu. Kusoma C080 kunaondoa ROM na kuweka RAM mahali pake kuanzia D000 mpaka FFFF. Amri ya ROM unayoiita baada ya hapo ni JSR $FCBA: inaingia kwenye RAM isiyo na kitu, na mashine inakufa hapo.

Kama RAM ile ingekuwa na nakala ya Monita, utafutaji ungeendelea, na hapo ndipo pabaya. Kwa sloti 6, C0E9 inawasha mota, C0EB inachagua disketi ya pili, C0EF inaweka hali ya kuandika. Disketi isiyozibwa tundu la ulinzi inaweza kuharibika bila wewe kuandika amri hata moja ya DOS. Ukiona taa ya disketi imebaki inawaka, andika C0EE kisha C0E8 kwenye Monita: kuzisoma kunarudisha hali ya kusoma na kuzima mota.

Kwa hiyo tafuta mara mbili, 800.BFFF halafu D000.FFFF. Ikishaganda, Control-Reset inarudisha ROM, angalia 3F8.3FA kabla ya kuendelea. Ukianzia 0 utaona pia 0042-. Hiyo ni namba yako mwenyewe ndani ya A4.

fundi_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Ndugu wa Bukavu amesema kweli, hilo la C080 nilipaswa kuliandika tangu mwanzo.

Ukitaka amri zaidi ya moja kwenye Control-Y ileile, soma herufi inayoifuata. Mstari uliouandika uko 200, na baiti ya 34 inashika nafasi ya herufi inayofuata. Herufi zina biti ya juu, kwa hiyo S ni D3, si 53. Hii inaongeza S ya kujumlisha baiti za eneo kwa biti 16, kwa ajili ya kuhakikisha nakala mbili zinalingana:

```
328:A9 00 85 06 85 07 A8 B1
330:3C 18 65 06 85 06 90 02
338:E6 07 20 BA FC 90 F0 A5
340:07 A6 06 4C 41 F9 A4 34
348:B9 00 02 C9 D3 F0 03 4C
350:10 03 E6 34 4C 28 03
306:46
```

Kigawa amri kinaanzia 346, ndiyo maana 306 inabadilika kutoka 10 kuwa 46. E6 34 kwenye 352 usiiache: bila hiyo Monita itaisoma S yenyewe baada ya rutini kurudi, na kengele italia ingawa jibu ni sahihi. Baiti 06 na 07 za ukurasa sifuri ziko huru kwa Monita, Applesoft na DOS.

Hifadhi sasa kwa L$57, BRUN tena. Jaribu `1000:FF FF 02`, kisha `1000.1002`, Control-Y, S, Return. Jibu ni 0200. Likitoka tofauti na baiti ni sahihi, bendera ya desimali imeachwa imewashwa na programu nyingine. CALL -151 haiizimi. CALL -155 huizima, kwa kuwa inaanzia FF65 palipo na CLD.

Unaweza kujaza mpaka 3CF. Usivuke hapo: 3D0 ni mlango wa DOS.