Mchezo gani wa mezani unafaa familia ya watu watano, na je, kuna faida kuununua kwenye duka dogo la mtaani?

Mama wa Watatu aliuliza:

Habari zenu, ndugu. Naomba ushauri kuhusu jambo linaloniumiza kichwa kwa miezi kadhaa sasa. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wenye umri wa miaka 6, 10 na 15, na tulikubaliana kwamba jioni moja ya kila wiki televisheni izimwe, simu ziwekwe kando, nasi sote tukae mezani tucheze. Wiki mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Wiki ya tatu, yule mkubwa aliomba ruhusa ya kuondoka mapema, mdogo akalia kwa sababu alifilisika wakati wenzake bado wanaendelea, na mimi mwenyewe nikajikuta natazama saa.

Mchezo tuliokuwa tukiucheza ni Monopoly, ule wa ubao wa kununua viwanja na kutozana kodi, ambao tumekuwa nao nyumbani tangu zamani. Baadaye niliagiza mwingine mtandaoni kwa kuwa bei yake ilikuwa ya chini sana. Ulipofika, kadi zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukiziinua kwenye mwanga unaona maandishi ya upande wa pili, kete mbili hazikuwemo, na karatasi ya maelezo ilikuwa imefifia hata haisomeki. Nilimwandikia muuzaji mara tatu, na hakunijibu hata mara moja.

Njiani nikitoka kazini napita kwenye duka dogo la michezo linaloendeshwa na mtu binafsi. Bei zake ziko juu kidogo kuliko za mtandaoni, lakini nimeona watu wakikaa humo wakielekezwa kwa utulivu. Je, tofauti hiyo ya bei inalipa? Na ni mchezo gani ambao mtoto wa miaka 6 na kijana wa miaka 15 wanaweza kuucheza pamoja bila mmoja kulia na mwingine kupiga miayo?

Mwenye Duka la Michezo alijibu:

Dada, kwanza niseme wazi kwamba mimi mwenyewe ninaendesha duka la namna hiyo, hivyo uyapime maneno yangu ukijua nina maslahi katika jambo hili. Hata hivyo nitakueleza kile ninachomweleza kila mzazi anayeingia dukani kwangu, hata yule anayetoka mikono mitupu.

Nianze na Monopoly, kwa sababu nadhani umeulaumu mchezo kwa makosa ambayo sehemu yake si yake. Kanuni zake zinasema kwamba mchezaji akifika kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe na akaamua kutokukinunua, kiwanja hicho kinapigwa mnada papo hapo, na kila aliyepo mezani anaruhusiwa kutaja bei. Familia nyingi hazijui kanuni hii, basi viwanja hubaki bila wenyewe kwa mizunguko mingi na mchezo hauendi popote. Tena wengi hukusanya faini katikati ya ubao na kumpa yeyote anayetua kwenye kona ya maegesho ya bure, ilhali kanuni hazimpi kitu mtu anayetua hapo. Fedha hizo za nyongeza humwokoa aliyekuwa karibu kufilisika, naye aliyeokolewa hurefusha mchezo kwa saa nzima. Jaribuni kuucheza kama ulivyoandikwa, mtaona tofauti. Kasoro moja tu itabaki, nayo ni hiyo iliyomliza mtoto wako: aliyefilisika hutolewa, kisha anakaa akiwatazama wengine. Kwa mtoto wa miaka 6 hiyo ni adhabu, na sioni sababu ya kumpa.

Mzazi akija kwangu, namuuliza maswali matatu kabla sijagusa rafu. Mtakuwa wangapi mezani? Aliye mdogo kuliko wote anasoma au hajaanza kusoma? Na kutoka mnapokaa hadi wakati wa kulala mna dakika ngapi? Watu hushangaa kwamba siulizi wanapenda nini, lakini majibu ya maswali hayo matatu huondoa zaidi ya nusu ya masanduku yaliyomo dukani. Kwenu ninyi, namba 5 ndiyo yenye shida. Masanduku mengi mazuri huishia kwa wachezaji 4. Catan, mchezo wa Mjerumani Klaus Teuber uliotoka mwaka 1995 na kuwavuta watu wengi duniani warudi mezani, katika sanduku lake la msingi ni wa wachezaji 3 hadi 4. Mtu wa tano angelazimika kukaa nje, au mngenunua sanduku la nyongeza kabla hata ya kujua kama mchezo wenyewe unawapendeza.

Ningekuwa mimi, ningewafungulia Carcassonne, ambao ulitoka mwaka 2000 na mwaka uliofuata ukapata tuzo ya Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka wa Ujerumani. Unachezwa na watu 2 hadi 5. Kuna vigae 72. Kila mtu kwa zamu yake huchukua kimoja na kukiunganisha na vilivyokwisha kuwekwa, barabara ikutane na barabara, na ukuta wa mji ukutane na ukuta. Hakuna maneno ya kusoma kwenye vigae, na hakuna anayetolewa hadi kigae cha mwisho kiwekwe. Kwa ajili ya mdogo, mara za kwanza acheni kabisa kanuni ya wakulima, yaani vile vipande vya umbo la mtu vinavyolazwa mashambani, kwa kuwa hesabu yake huwachanganya hata watu wazima. Kijana wa miaka 15 naye atapata pa kufikiria, kwa sababu kigae kimoja kinaweza kukusaidia wewe au kumzibia jirani njia.

Kuhusu hiyo tuzo, itakufaa uijue alama yake, kwa maana imechapishwa kwenye masanduku. Ilianza kutolewa mwaka 1979, na alama nyekundu ndiyo ya michezo ya familia. Tangu mwaka 2001 kuna ya buluu kwa michezo ya watoto, na tangu mwaka 2011 kuna ya kijivu iliyokolea kwa wale waliokwisha kuzoea michezo mizito zaidi. Ukisimama mbele ya rafu usiyoielewa, rangi hiyo itakuambia mengi kuliko picha iliyo juu ya sanduku.

Sasa nirudi kwenye swali lako la bei. Duka dogo haliwezi kushindana na mtandao kwa bei, kwa sababu mimi nanunua masanduku sita pale ambapo wao wananunua elfu sita, na sitakudanganya kuhusu hilo. Unacholipia zaidi ni kwamba kuna nakala iliyofunguliwa ambayo mtoto anaweza kuishika kabla hamjaamua. Kwamba nitakaa nanyi dakika kumi niwachezeshe mzunguko wa kwanza, jambo linalookoa jioni nzima ya kubishana juu ya karatasi ya maelezo. Na kwamba kete ikikosekana, unanirudia mimi, mtu mwenye uso na mlango. Wachapishaji wengi hutoa vipande mbadala wakiandikiwa, na kazi hiyo ya kuandika naifanya mwenyewe. Hizo kadi zinazopitisha mwanga unazozisema ni dalili ninayoikuta mara nyingi kwenye nakala bandia, pamoja na rangi zilizofifia na vigae visivyolingana kingo.

Niongeze kisa kimoja ninachokipenda. UNO, mchezo wa kadi ambao nadhani kila mmoja hapa amewahi kuucheza, ulibuniwa mwaka 1971 na kinyozi wa Ohio, Marekani, aitwaye Merle Robbins, baada ya ubishi wa kanuni za karata ndani ya familia yake mwenyewe. Yeye na jamaa zake walichanga dola 8,000, wakachapisha nakala 5,000, na mwanzoni aliziuza palepale kwenye duka lake la kunyolea nywele, kisha maduka ya jirani yakaanza kuzichukua. Mchezo huo ulizaliwa kwenye meza ya familia na kukuzwa na maduka madogo, ndiyo maana kila ninapouweka kwenye rafu najisikia kama ninaurudisha kwao.

Baba wa Mapacha alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila nataka kugusa upande mwingine. Kwetu tatizo halikuwa urefu wa mchezo. Tatizo lilikuwa ushindani wenyewe, kwani mapacha wangu wa miaka 11 walikuwa wakikaa mezani kama ndugu na kuinuka kama mahasimu, na mara mbili tulilala bila kusemezana vizuri. Muuzaji wa duka dogo tunalonunua kwake alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha rafu ambayo sikujua kama ipo, ya michezo ambayo wachezaji wote wako upande mmoja dhidi ya mchezo wenyewe. Tulichukua Pandemic, wa mwaka 2008, ambao mnasafiri duniani kuzuia magonjwa manne kabla hayajaenea. Mnashinda wote au mnashindwa wote. Mara ya kwanza tuliposhindwa, mapacha walitazamana wakasema kwa pamoja, "Tena!" Sikuwahi kusikia neno hilo baada ya kushindwa katika nyumba yangu.

Lakini nikuonye, dada, kwa kuwa una kijana mkubwa. Michezo ya ushirikiano ina ugonjwa wake: mmoja anageuka kamanda, anawaambia wengine wote la kufanya, na wadogo wanabaki kusogeza kete kwa amri. Kwetu kamanda nilikuwa mimi, na ilichukua muda hadi mke wangu akaniambia waziwazi. Dawa tuliyoipata ni Hanabi, mchezo wa kadi uliopata tuzo hiyohiyo ya Ujerumani mwaka 2013, ambao kila mtu anashika kadi zake akiwaonyesha wenzake na yeye mwenyewe hazioni. Huwezi kuwa kamanda ikiwa hujui ulichoshika. Unachezwa na watu 2 hadi 5, hivyo mtatosha, ila kwa huyo wa miaka 6 ungoje kwanza. Pandemic nayo inaishia kwa watu 4, kwa hiyo ninyi mtalazimika kucheza wawili kama mmoja, jambo ambalo kwa mdogo na mama yake linaweza hata kuwa zuri.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, na ninaomba kupingana kidogo kwa heshima. Tusimfanye mzazi aamini kwamba jioni njema inategemea sanduku jipya. Pakiti moja ya karata ina kadi 52, za shupaza, kopa, uru na pau, na kwa pakiti hiyo moja mnaweza kucheza michezo mingi hadi watoto wakue na kuondoka nyumbani. Uliza pia kama maktaba iliyo karibu nawe inaazima michezo, kwa sababu zipo zinazofanya hivyo, na uulize duka lenyewe kama linauza iliyokwisha kutumika. Wenye maduka madogo wengi huipokea na kuihesabu kipande kwa kipande kabla ya kuiuza tena, kazi ambayo muuzaji wa mbali asiyekujua hana sababu ya kuifanya.

Jambo moja dogo nililojifunza kwa wajukuu: mtoto wa miaka 6 mara nyingi halii kwa kushindwa, analia kwa aibu ya kadi kumwanguka. Vidole vyake havijaweza kukunjua kadi saba kama pepeo. Chukua kipande cha ubao chenye urefu wa kiganja kimoja na nusu, ukichonge mfereji mwembamba katikati, naye azisimamishe kadi zake humo. Wa kwangu alibadilika siku hiyohiyo.

Jirani Mwema alijibu:

Mimi naongeza neno moja tu: mwacheni kila mtu achague mchezo kwa zamu, wiki kwa wiki, na asiyechagua asinung'unike. Kijana wa miaka 15 akijua wiki ijayo ni yake, atavumilia ya leo.

Mama wa Watatu alirudi kuandika:

Asanteni sana, ndugu zangu, na samahani kwa kuchelewa. Nilitaka kwanza nijaribu ndipo niandike.

Tulikwenda kwenye lile duka sote watano. Mwenye duka hakutuuliza maswali matatu, alituuliza mawili tu, kwa sababu la tatu mdogo wetu alimjibu kabla hajauliza, kwamba yeye anajua kusoma jina lake. Alitufungulia Carcassonne juu ya meza iliyo karibu na dirisha. Mdogo alichukua kigae chake cha kwanza, akakizungusha mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo, na mara ya nne barabara yake ikakutana na barabara ya kaka yake. Hakuna aliyemsaidia. Kaka yake, ambaye alikuja akiwa amenuna, aliinama akatazama kigae kile kwa muda, kisha akasema, "Umenizibia." Nadhani hilo ndilo lililotuuzia mchezo.

Tumecheza jioni tatu sasa, kila mara dakika hamsini hivi. Monopoly pia tumeijaribu kwa mnada kama tulivyoshauriwa, na binti yangu wa miaka 10 ametokea kuwa dalali hodari. Hata hivyo tumekubaliana kwamba mtu wa kwanza akifilisika, mchezo unaishia hapo na wengine wanahesabu mali zao. Mume wangu amemchongea mdogo kibao cha kadi, na kimepakwa rangi aliyoichagua mwenyewe.

Swali langu jipya ni hili: bibi yao anakuja kukaa nasi kwa mwezi mzima, na tutakuwa sita. Nimeona kwamba sanduku letu linaishia kwa watano. Nitapita tena dukani siku ya Jumamosi kuuliza, lakini mwenye uzoefu wa michezo ya watu sita ambayo mzee mwenye macho dhaifu anaweza kuiona vizuri, naomba aniambie niende nikijua cha kutaja.