Plato, Aristotle au Locke: nianze na nani kwenye saikolojia ya kujifunza?

MkufunziMpya (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nimepangiwa saikolojia ya elimu kwa walimu tarajali wa mwaka wa kwanza. Mada ya kwanza kwenye muhtasari ni chimbuko la kifalsafa la nadharia za kujifunza, na nina vipindi viwili tu kabla ya kuingia kwa Pavlov na Piaget.

Vitabu nilivyo navyo vinamaliza karne zote hizo kwa ukurasa mmoja. Plato alisema maarifa tunazaliwa nayo, Aristotle akasema yanapitia milango ya fahamu, Locke akasema akili ya mtoto ni karatasi tupu. Basi, twende kwa mbwa wa Pavlov, waliozoeshwa kudondosha mate kwa mlio tu. Wanachuo wanakariri mistari mitatu, wanajibu mtihani, wanasahau.

Nataka nichague mmoja nimchimbe, wengine niwaguse tu. Mizani yangu hadi sasa: Plato ana kisa kizuri cha kufundishia, ila jibu lake kwamba roho ilijua kila kitu kabla ya kuzaliwa ni gumu kulitetea. Aristotle ana akili iliyotulia lakini maandishi yake ni makavu. Locke ndiye aliye karibu zaidi na saikolojia ya leo, na aliandika kuhusu malezi moja kwa moja. Nawasikiliza.

ChakiNyeupe

Plato, na usianze na nadharia yake. Anza na kisa cha kwenye Meno, mazungumzo aliyoyaandika Plato (ni jina la mtu, si meno ya kung'atia).

Socrates, mwalimu wa Plato, anamwomba Meno amwite mtumwa wake mmoja, kijana ambaye hajawahi kufundishwa jometri. Sharti pekee analouliza ni kama anasema Kigiriki. Anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, kwa hiyo eneo lake ni 4. Kisha anauliza: mraba wenye eneo maradufu, yaani 8, upande wake una urefu gani? Kijana hana wasiwasi hata kidogo, anasema upande nao uwe maradufu, futi 4. Wanachora, wanahesabu, eneo ni 16. Basi 3. Wanahesabu tena, ni 9. Hapo kijana anaapa kwamba hajui.

Simama hapo na darasa lako. Socrates anamgeukia Meno na kumuuliza: huyu amepata hasara gani kwa kukwama? Mwanzo alikuwa tayari kutangaza jibu la uongo mbele za watu kwa kifua mbele. Sasa hajui, lakini anajua kwamba hajui, na atataka kutafuta. Baada ya hapo ndipo unapochorwa mstari wa kona hadi kona, na mraba uliojengwa juu ya mstari huo ndio wenye eneo la 8.

Habari za roho waachie wenye teolojia yao. Kosa la 4, kosa la 3, kukwama, kisha njia: hiyo inatosha kwa vipindi viwili. Piaget akija kuwaambia kwamba mtoto hupiga hatua pale fikra zake zinapogongana na kile anachokiona, watakuwa wameshamwona mtu likimtokea.

SwaliGumu

Chaki, unauza bidhaa nusu. Umesahau kuwaambia watu kwamba sehemu kubwa ya majibu ya yule kijana ni "ndiyo" na "hapana". Na anayechora mstari wa kona hadi kona ni Socrates mwenyewe, si kijana. Hata jina la mstari analetewa. Mkaguzi akikuta unauliza hivyo darasani atakuandikia kwamba unawawekea wanafunzi majibu mdomoni.

Halafu Plato anatumia kisa hicho kuthibitisha kwamba hakuna aliyemfundisha kijana. Kwangu mimi kinathibitisha kwamba alifundishwa, tena na mtu hodari.

SeremalaWaKweli

Mimi sijasomea falsafa, nafundisha useremala chuo cha ufundi. Naenda na Aristotle kwa sababu moja. Kwenye kitabu chake cha maadili kwa Nicomachus anasema watu huwa wajenzi kwa kujenga, na wapiga kinubi kwa kupiga kinubi. Hiyo kila mtu anaijua. Kinachofuata ndicho watu hukiruka: kwa kujenga huko huko, wengine huwa wajenzi wabaya.

Hapo ndipo alipo mwalimu. Kurudia peke yake hakumfanyi mtu fundi. Kijana aliyejifunza randa mtaani kwa miaka, akija kwangu ana mkono mwepesi na mbaya. Kumnyoosha ni kazi kubwa kuliko kumfundisha asiyewahi kushika randa. Kama mtu asingekuwa mzuri au mbaya kwa mazoezi, asema Aristotle, pasingehitajika mwalimu; kila mtu angezaliwa fundi mzuri au mbaya.

Ukitaka upande wa akili nao upo. Mwishoni mwa kile kitabu chake kuhusu uthibitisho anaeleza ngazi: tunahisi, kinachobaki kinakuwa kumbukumbu, kumbukumbu nyingi za kitu kile kile zinakuwa uzoefu, na kutoka kwenye uzoefu tunapata kanuni ya jumla. Anafananisha na jeshi linalokimbia vitani: askari mmoja anasimama, wa pili anasimama karibu naye, hadi safu inarudi. Wanafunzi wangu wanaielewa kwa haraka kuliko hayo ya Piaget kuhusu akili kutafuta mizani.

MkufunziMpya

Mkuu Seremala, hiyo ya wajenzi wabaya sikuwahi kuiona kwenye kitabu chochote cha kiada. Asante. SwaliGumu, hoja yako ni nzito, nasubiri Chaki ajitetee.

BintiAmu

Asalaam alaykum nyote. Mbona orodha yenu inaruka kutoka Ugiriki hadi Uingereza, kana kwamba katikati watu walikuwa wamelala?

Ghazali, aliyefariki 1111, anatajwa mno kwenye darasa za misikitini huku pwani, lakini kwa mambo ya ibada tu. Kwenye kitabu chake Ihya ameandika kwamba moyo wa mtoto ni johari safi isiyo na nakshi yoyote, inayokubali kila itakachochorwa. Hiyo ni zaidi ya miaka mia tano kabla ya karatasi ya Locke. Na hapo hapo anaagiza mtoto akitoka chuoni aachwe acheze. Kumzuia mchezo na kumlemeza masomo mfululizo, asema, kunaufisha moyo wake na kuzima akili yake. Nimewahi kumsomea maalim mmoja mahali hapo, akanyamaza.

Lakini kwa kozi yako maalim, mimi ningekupa Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyeandika Muqaddima mwaka 1377. Anaeleza ufundishaji wa raundi tatu. Ya kwanza, mwanafunzi apewe mambo makuu ya kila mlango kwa muhtasari, kwa kadiri ya uwezo wake. Ya pili, arudishwe mwanzo, sasa kwa maelezo kamili na tofauti za wanazuoni. Ya tatu, arudi tena na lisiachwe jambo gumu lolote bila kufunguliwa. Anawalaumu walimu wa zama zake waliompa mwanagenzi maswali magumu siku ya kwanza wakidhani ndiyo kumfundisha, hadi akachoka na kuichukia elimu yenyewe. Kuhusu kiboko anasema ukali humfundisha mtoto uvivu, uongo na hila, kwa kuogopa mkono ulio juu yake.

Plato na wenzake wanaeleza elimu inatoka wapi. Ibn Khaldun anaeleza inaingiaje, na walimu tarajali wanahitaji hilo la pili.

SwaliGumu

Dada BintiAmu umenipa kazi ya kusoma. Raundi tatu hizo ndizo watunga mitaala wa karne ya 20 walizoziita mtaala wa mzunguko, baada ya Jerome Bruner kuandika mwaka 1960. Sidhani alimsoma Ibn Khaldun, ila waliokota njia moja.

MamaWawili

Mbona Locke hana wakili? Nitamtetea mimi.

Watu wanamjua kwa karatasi nyeupe tu, ya kwenye kitabu chake cha 1689 kuhusu ufahamu wa binadamu. Msome kwenye toleo la nne la kitabu hicho hicho, la 1700, alipoongeza sura ya mawazo yanayoshikamana bila sababu. Anasema mazimwi hayana uhusiano zaidi na giza kuliko na mwanga. Lakini yaya mjinga akimsimulia mtoto mara kwa mara habari hizo usiku, viwili hivyo vitashikana kichwani mwake, na huenda asivitenganishe tena maisha yake yote. Nani hapa hakutishiwa zimwi akiwa mdogo ili alale?

Sasa peleka hiyo hadi 1920, Marekani. John Watson na Rosalie Rayner walimpa mtoto mchanga panya mweupe, na kila alipomgusa wakagonga chuma kwa nyundo nyuma yake. Baada ya muda akawa analia kwa kumwona panya tu. Maadili ya jaribio lile ni aibu tupu, lakini ni zimwi na giza la Locke, limehamishiwa maabara. Mkufunzi, ukitaka daraja la moja kwa moja hadi kwa Pavlov, umelipata.

Na kwenye kitabu chake cha malezi, 1693, anataka mtoto ajifunze herufi kwa mchezo wa dadu zilizobandikwa herufi, bila kujua kwamba anasomeshwa. Kipigo anakikubali kwa nadra sana.

MsaidiziWaMacho

Nimefanya kazi kliniki ya macho kwa muda mrefu, kwa hiyo nichangie kimoja ambacho hamjakigusa.

William Molyneux wa Dublin alimwuliza Locke: mtu aliyezaliwa kipofu, anayetambua mchemraba na tufe kwa kushika, akifunguliwa macho ukubwani atavitambua kwa kutazama tu? Wote wawili wakajibu hapana, na Locke akaliingiza swali hilo kwenye toleo la 1694. Kama maumbo tunazaliwa nayo akilini, mtu huyo angetambua mara moja. Mwaka 1728 mpasuaji wa London, William Cheselden, alieleza habari za mvulana aliyemtoa mtoto wa jicho: alidhani vitu vinamgusa macho, na hakuweza kutofautisha umbo na umbo.

Jaribio safi zaidi lilichapishwa 2011. Kundi la Pawan Sinha wa chuo cha MIT cha Marekani lilipima watoto watano nchini India, wa miaka 8 hadi 17, waliozaliwa hawaoni na wakafanyiwa upasuaji. Mara tu baada ya kufunguliwa, kitu walichokishika hawakuweza kukitambua kwa macho, walikuwa wakibahatisha. Locke kashinda. Lakini waliopimwa tena baada ya siku chache walikuwa wameshaweza, bila mtu kuwafundisha. Karatasi tupu haijifunzi kwa kasi hiyo.

ChakiNyeupe

Asante Msaidizi, umenisaidia kumjibu SwaliGumu. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, alimpinga Locke kwa hoja iliyo karibu na hiyo: akili ni jiwe la marumaru lenye mishipa. Mchongaji lazima atoe jasho, lakini mishipa inaamua sanamu ipi itatoka kirahisi.

Kuhusu Socrates kuweka majibu mdomoni, nakubali nusu. Ila umesoma hadi mwisho? Kijana anapopata jibu, Socrates hasemi kwamba sasa anajua. Anasema fikra hizo zimeamshwa ndani yake kama ndoto tu, na kwamba akiulizwa mambo hayo hayo mara nyingi na kwa namna nyingi, mwishowe atayajua kama mtu mwingine yeyote. Baadaye kwenye mazungumzo hayo hayo anaweka tofauti: anayejua njia ya kwenda Larissa na anayebahatisha kwa usahihi wote watafika. Lakini dhana sahihi ni kama sanamu za Daedalus, mchongaji wa hekaya za Kigiriki, usipozifunga zinatoroka. Kamba yake ni kuweza kueleza kwa nini.

Kwa hiyo jibu la kwanza kabisa, hata likiwa sahihi, Plato halihesabu kuwa ni kujua. Na hiyo ndiyo dawa ya malalamiko ya Mkufunzi kwamba wanachuo wanakariri na kusahau. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo 1885: baada ya siku moja, faida iliyobaki ya kazi yake ya kukariri ilikuwa kama theluthi. Na tafiti za karne hii, kama ya Roediger na Karpicke ya 2006, zinaonyesha kwamba anayeulizwa anachokijua hukumbuka zaidi baada ya wiki kuliko anayekisoma upya.

SwaliGumu

Hapo umenivuta kidogo. Bado nasema roho isiyokufa haina kazi kwenye hoja hiyo, lakini "mara nyingi na kwa namna nyingi" naichukua.

SeremalaWaKweli

Na Ibn Khaldun wa BintiAmu kasema raundi tatu. Wanakutana.

BintiAmu

Wanakutana kwenye kurudia, hawakutani kwenye kukwama. Ibn Khaldun asingemwacha mwanagenzi aapishwe hajui mbele ya bwana wake na wageni. Angempa lililo rahisi kwanza. Mkufunzi, usiwachanganye hawa wawili kwa sababu ya uzi kupata amani.

MkufunziMpya

Hiyo tofauti ndiyo naichukua, dada. Nimeamua: kipindi cha kwanza kisa cha kijana na mraba, cha pili Ibn Khaldun ampinge, na darasa liamue lini mwalimu amwache mwanafunzi akwame. Wajenzi wabaya wa Seremala watapata dakika zao. Zimwi la Locke linahamia wiki ya Pavlov, na macho ya Msaidizi nitayaweka kwenye zoezi la nyumbani.

Tatizo moja. Walimu tarajali wangu wote wamesoma Pythagoras. Nikichora mraba wa 2 watakimbilia kipeuo cha pili cha 8 na kisa kitakufa.

ChakiNyeupe

Socrates alishaliona. Kijana anapokwama anamwambia: kama hutaki kuhesabu, nionyeshe tu ni kutoka mstari upi. Wagawie karatasi na rula isiyo na namba, wakataze kikokotoo, na sharti liwe moja: mraba uchorwe, usitajwe. Wengi watajua kipeuo na hawatajua wauanzie wapi mstari.