Mfarishi wa viraka kutokana na nguo za familia: safu hazilingani urefu, nianzie wapi?

Kiraka80

Habari wadau. Naomba msaada wa kiufundi. Mfarishi ni wa sm 120 kwa 150, wa kutandika bustanini na kubebwa safarini, kwa hiyo utafuliwa mara nyingi. Una viraka 80, yaani safu 10 za viraka 8. Kila kiraka kimekatwa sm 16.2 kwa 16.2, nafasi ya mshono ni milimita 6 kila upande, ili kikishashonwa kibaki sm 15.

Vitambaa ni mchanganyiko: mashati ya pamba ya baba, gauni mbili, fulana za watoto, na vipande vilivyonunuliwa safarini ambavyo havijulikani ni vya nini.

Safu nne za kwanza zimetoka na urefu wa sm 119.1, 119.3, 120.6 na 121. Nikiziweka pamoja kona hazikutani kabisa. Viraka vya fulana navyo vinavutika na kujikunja pembeni. Halafu kuna shati jekundu ambalo nahofia litachuja rangi. Je, nifumue zote? Na katikati niweke nini ili usiwe mzito kubeba?

BandiKwanza

Usifumue zote. Piga hesabu kwanza, itakuambia kosa liko wapi.

Safu ya viraka 8 kabla haijaunganishwa na nyingine inatakiwa iwe sm 121.2: viraka 8 vya sm 15, jumlisha milimita 6 za kila ncha. Safu yako ya sm 119.1 imepungukiwa milimita 21. Ina mishono 7, na kila mshono unakula viraka viwili, kwa hiyo gawanya 21 kwa 14. Jibu ni milimita 1.5. Ulikuwa unashona kwenye milimita 7.5, si 6. Kwa macho huwezi kuiona tofauti hiyo kwenye mshono mmoja, ila kwenye safu nzima inakuwa sentimita mbili. Safu ya 121 iko sawa, iache. Ya 120.6 ina kosa la chini ya nusu milimita kwa kila ukingo. Hiyo nayo iache, itavutwa kidogo wakati wa kubana pini.

Kwa zile mbili fupi, shona mstari mpya kwenye milimita 6, nje kidogo ya ule wa zamani, upande wa ukingo uliokatwa. Mshono wa zamani unashikilia viraka visiteleze wakati unashona. Ukimaliza ndipo ufumue ule wa zamani: kata uzi kila baada ya hatua tatu au nne za sindano upande mmoja, kisha geuza uvute uzi wa upande wa pili. Unatoka mzima bila kukwaruza kitambaa.

Sasa tibu chanzo. Upana wa mguu wa cherehani si lazima uwe milimita 6, na wengi tunaufuata kana kwamba ni rula. Chukua rula nyembamba, iweke chini ya mguu, teremsha sindano kwa mkono hadi ncha iguse alama ya milimita 6. Ubavuni mwa rula bandika tabaka tatu nne za utepe wa gundi juu ya bamba la cherehani, ziwe ukuta wa kuegemeza kitambaa. Ukuta usifunike meno yanayosukuma kitambaa. Kisha jaribu: kata vipande vitatu vya upana wa sm 5, viunganishe, piga pasi, pima cha katikati. Kikiwa sm 3.8 endelea. Kikipungua, sogeza utepe karibu na sindano kwa unene wa uzi mmoja, kwa sababu kitambaa kikilazwa upande mmoja, mkunjo wenyewe hula kidogo.

Kuhusu kona: safu ya kwanza laza mishono yote kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukiziweka safu mbili uso kwa uso, mishono inagongana kama matofali yanavyokaa bega kwa bega. Papasa kwa kidole gumba na cha shahada. Ukihisi ngazi, bado. Ukihisi tambarare, choma pini hapo hapo. Na pasi unyanyue na kuikandamiza, usiisukume. Kuisukuma kunavuta kitambaa na mraba unageuka kuwa msambamba, halafu unalaumu mkasi bure.

SindanoNyembamba

Naongezea upande wa vitambaa.

Fulana zina tatizo la mpangilio wa kazi. Ukikata kwanza sm 16.2 halafu ndiyo ubandike gamu (kitambaa chenye gundi cha kuimarisha kingine), umeshachelewa, ukingo umejikunja. Kata kipande kikubwa kwanza, kama sm 20, bandika gamu nyepesi ya kupiga pasi upande wa ndani, acha ipoe kabisa, ndipo ukate kwa kipimo. Gamu nyingi zina upande unaovutika na usiovutika. Usiovutika ulale kwa upana wa fulana, maana huko ndiko fulana inakovutika zaidi. Kama fulana ina mchoro uliochapwa kwa rangi ya mpira, usiuguse na pasi. Piga kwa nyuma, na chini yake weka karatasi ya kuokea. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, namba 80 au 90. Sindano ya ncha kali inakata nyuzi za fulana badala ya kupita katikati yake, na vitundu vinakuja kufumuka baada ya kufua.

Kwa vile ulivyokwisha kata, bandika gamu sasa hivi na upime upya. Kilichopungua kikate kiwe kidogo na ukizungushie ukanda wa kitambaa cha pamba. Kinapendeza hata kuliko vingine, kama picha kwenye fremu.

Vipande vya safari vipime kwa moto. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano cha chuma juu ya sinki, uchome. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na jivu lake ni laini. Poliesta inayeyuka na kuacha shanga ngumu. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua na moto unafifia wenyewe. Hizo mbili zitoe kwenye mfarishi huu. Sufu ikifuliwa kwa maji ya moto inasinyaa na kuvuta majirani zake. Poliesta inaruhusiwa, ila punguza joto la pasi ukifika kwenye kiraka hicho.

Mashati yaliyofuliwa miaka na miaka hayatasinyaa tena kwa kiasi cha kukusumbua. Vya safari kama havijawahi kuoshwa ndivyo vya kuangalia. Kama bado una vipande vizima, fua kwanza, kata upya.

Shati jekundu: lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya jekundu, kandamiza pasi ya moto sekunde kadhaa. Kikibaki cheupe, shona. Kikipata waridi, lifue tena mara mbili tatu peke yake na urudie jaribio. Likiendelea kutoa rangi, mwache baba avae shati lake.

Na ikitokea mfarishi mzima umechuja baada ya kufuliwa, usiukaushe na usiupige pasi. Uloweke ukiwa bado mbichi kwenye maji mengi ya moto yenye sabuni ya maji, uzame wote, saa kadhaa. Badilisha maji hadi yasitoe rangi tena. Mara nyingi rangi iliyohamia inaondoka.

Uzi_Mweupe

Tabaka la katikati: chagua pamba bapa nyembamba. Inalala vizuri kwenye nyasi na mfarishi unakunjika mdogo. Poliesta yenye manyoya inakauka haraka zaidi, ila inajaa begi. Ikiwa safari ndiyo nyingi, blanketi jembamba la pamba linatosha. Kwa unyevu wa ardhini tandika turubai chini. Usilishonee ndani, kila tundu la sindano litapitisha maji.

Chini na katikati viwe sm 140 kwa 170, yaani sm 10 za ziada kila upande. Kitambaa cha upana wa sm 110, nunua mita 3. Kata vipande viwili vya sm 140, ondoa kingo za kiwandani (zimefumwa kwa kubana, zitakunjamana), viunganishe ubavu kwa ubavu, kisha kata sm 170. Ukanda unaobaki una upana wa zaidi ya sm 40: toa humo tepe 5 za sm 6 za kumalizia ukingo. Mzingo ni sm 540, ongeza 30 za kona na maungio, na tepe 5 zinatosha na kubaki.

Tandaza cha chini sakafuni uso ukiangalia chini, kivute kinyooke bila kukaza, kibandike kwa utepe pembeni. Kikikazwa sana kitarudi ukiachia, na hapo ndipo mikunjo ya nyuma inapotoka. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) au weka pini za kufunga kila baada ya sm 10, ukianzia katikati.

Mshono wa kushikanisha matabaka usifuate mishono ya viraka peke yake, sm 15 ni mbali, pamba inaweza kukusanyika. Pita mshazari, kona hadi kona ya kila kiraka: mistari inakuwa sm 10.6 kutoka mmoja hadi mwingine. Urefu wa kila hatua ya sindano milimita 3, anza katikati ukielekea nje.

Ila kwa mfarishi wa familia mimi napendekeza mafundo. Uzi mnene wa pamba, fundo kwenye kila kona inayokutana na katikati ya kila kiraka: kona 63 na vitovu 80, jumla 143. Shusha sindano, ipandishe milimita 3 pembeni, kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia, ongeza moja, acha mikia ya sm 2. Mtoto wa miaka saba analimudi fundo hilo, na mafundo 143 yakigawanywa watu wanne ni alasiri moja uani. Kama nyumbani kuna mtoto chini ya mwaka mmoja, mfarishi usiwe kitandani mwake.

Kiraka80

Asanteni sana. Mshono mpya nimeupitisha: ile ya 119.1 sasa ni 121.1. Swali moja: majina ya wenye nguo yaandikwe wapi?

BandiKwanza

Nyuma, kabla ya kuunganisha matabaka. Chora gridi ya 8 kwa 10, yaani sm 16 kwa 20, kwenye kitambaa cheupe, kila chumba sm 2, andika kwa kalamu ya kitambaa, piga pasi ikauke, kisha kishonee kwenye kona ya kitambaa cha chini. Kumbuka kwa nyuma kulia na kushoto vinageuka, hivyo safu iandike ukianzia kulia.