Tupeane uzoefu: wenye reli za mezani Mtwara na Lindi, kokoto mnatoa wapi na mnazishikiza vipi?

Mleta mada (Mtwara mjini)

Wakuu, habari za kusi.

Najua tuko wachache, lakini kila nikiweka picha ya meza yangu ya treni ndogo za mfano napata swali lilelile: kokoto umeagiza wapi? Sijaagiza popote. Zangu ni vumbi la kokoto lililopondwa, lile linalobaki chini ya lundo pale wanapofyatua matofali. Punje zake zina kona, kwa hiyo zinashikana. Mchanga wa mtoni punje zake ni duara na zinang'aa, ukipiga picha unajulikana hapohapo kuwa ni mchanga.

Meza nyingi zinaharibikia kwenye ukubwa wa punje. Kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, milimita 1 ya mezani ni karibu sentimita 9 za kweli. Kokoto za reli halisi nyingi ziko kati ya sentimita 3 na 6. Fanya hesabu: punje yako inatakiwa iwe nusu milimita hivi. Kinachopita kwenye wavu wa mbu wa dirishani bado ni kikubwa, treni itaonekana inakimbia juu ya mawe ya msingi wa nyumba. Mimi nachekecha kwa wavu kwanza kuondoa takataka, halafu kwa kichujio cha chai chenye matundu madogo, kisha napepeta kwenye ungo upepo uchukue unga. Kinachobaki ndicho kokoto. Wa kipimo cha N, 1:160, watafute kichujio cha matundu madogo zaidi, na wasipepete sana.

Kushikiza: mwaga kidogo kidogo kwa kijiko cha chai katikati ya reli na pembeni, sawazisha kwa brashi laini mpaka kokoto ziwe chini kidogo ya uso wa mataruma, yale magogo yanayolala kukingama chini ya reli. Ondoa kila punje iliyopanda juu ya taruma au kugusa ubavu wa reli kwa ndani, maana gurudumu litaikanyaga. Halafu lowesha. Hapa msiwe na haraka. Maji yenye matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa chupa ya kupulizia yenye ukungu mwembamba, mpaka kokoto zibadilike rangi zote. Ukiruka hatua hiyo, tone la gundi linaviringika juu na kukusanya punje kama tonge. Baada ya kulowesha, gundi nyeupe ya maseremala, sehemu 1 kwa maji sehemu 2 au 3, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Iache inyweke yenyewe. Itaonekana nyeupe ya kutisha, usiiguse. Ikikauka inakuwa wazi.

Haya, leteni na zenu.

Mdau wa Mikindani

Mkuu umesema vizuri ila umesahau sisi wa pwani. Mpwa wangu alichota mchanga ufukweni, mweupe, mzuri, akaupanga. Masika yalipoingia kokoto zikatoa unga mweupe wa chumvi, reli zikaanza kuwa na madoa na treni ikawa inakwenda kwa kusitasita. Chumvi inavuta unyevu, na unyevu wa huku mnaujua. Mchanga wa bahari uoshwe kwa maji baridi ya bomba, ubadilishe maji tena na tena mpaka ukiyaonja hayana chumvi, ndipo uanike. Mimi nikishaanika naukaanga kwenye sufuria kuukuu, na wadudu wanakwisha humohumo.

Na jingine: sumaku. Mchanga wetu una punje nyeusi ambazo ni madini ya chuma. Mota ya injini ina sumaku ndani, inazivuta zile punje na zinasaga gia. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, ipitishe ndani ya mchanga mkavu. Ukiona ndevu nyeusi zimeota kwenye mfuko, rudia mpaka zisiote. Hata hilo vumbi la kokoto lako lipime, mkuu.

Mleta mada

Nimelipima leo. Zimeota chache. Asante mjomba.

Mdau wa Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Mimi najenga reli ya kwetu, ile ya kusini iliyokuja na mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947. Karanga zilikufa mapema, mradi ukaachwa 1951, reli ikaendelea kati ya bandari ya Mtwara na huku kwetu mpaka ikafungwa 1962, na vyuma vikang'olewa. Ilikuwa ya upana wa mita 1.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaotaka kuijenga: msinunue reli ya milimita 16.5. Hiyo kwa 1:87 ni upana wa milimita 1,435, ni SGR ya Dar es Salaam na Dodoma. Mita 1 ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, kwa hiyo tafuta reli ya milimita 12. TAZARA nayo, yenye 1,067, inaangukia hapohapo.

Rangi sasa. Udongo wa huku mwekundu, na reli iliyo porini miaka kadhaa haiwezi kubaki na kokoto za kijivu safi. Mimi nachanganya vumbi la kokoto na udongo mwekundu uliochekechwa, sehemu 4 kwa 1, napaka kandokando tu ya tuta. Katikati nabakiza kijivu.

Mdau wa Masasi

Hapo kwenye udongo nakupinga kidogo, ndugu yangu. Udongo una mfinyanzi. Ukiulowesha unakuwa tope, tope linapanda juu ya mataruma, na ukikauka unapasuka. Mimi nashikiza kokoto kwanza, zikauke kabisa, halafu naupaka wekundu kwa brashi kavu kidogo sana. Au rangi ya ukutani ya maji, iliyochujuliwa mpaka ikawa kama chai ya rangi.

Mdau wa Nachingwea

Wangu unapasuka kweli, ila pembeni ya tuta napenda unavyopasuka. Kiangazi cha huku ndivyo kilivyo.

Dada wa Lindi

Kaka zangu mmekazana na kokoto tu, meza inataka miti. Dodoki lililokauka, ukilichanachana na kulitumbukiza kwenye rangi ya kijani iliyokolea, ni matawi tayari. Kwa mkorosho tengeneza mwavuli mpana unaokaribia kugusa chini, msifanye mti mrefu mwembamba kama mvinje. Mkorosho wa mita 10 kwa HO ni sentimita 11 na nusu. Majani yake ni unga wa mbao uliotiwa rangi, unaunyunyiza juu ya gundi.

Nyasi kavu natumia katani. Ikate vipande vya milimita 5, huo ni urefu wa magotini kwa mtu wa mezani, uisimamishe kwa vishungi kwenye gundi nzito. Unga wa mpingo toka kwa wachongaji nao hauna mpinzani kwa sehemu za masizi, pale injini zinaposimama.

Onyo moja: maganda ya korosho msiyatumie kama mawe, hata yawe yanavutia vipi. Mafuta yake yanababua ngozi, na wenye watoto nyumbani ndio kabisa.

Na vitu vyote vya mimea, anika mpaka vikauke. Ukiweka kibichi ukakifunika na gundi, kinaota ukungu. Mchwa nao hawaulizi kama mbao ni meza au nyumba, miguu ya meza iwekeni kwenye makopo yenye mafuta machafu kidogo.

Mgeni, Newala

Samahani wakuu, mimi ndiyo naanza. Pale reli zinapogawanyika nako namwaga gundi hivyohivyo?

Mleta mada

Karibu sana. Pale usimwage. Weka kokoto chache, mbali na ule ulimi unaosogea, na gundi itie kwa ncha ya kijiti cha meno, tone kwa tone. Kabla hujaanza paka tone la mafuta ya cherehani kwenye ulimi na chini yake, gundi ikitambaa isishike. Usogeze ulimi huku na huku mara kwa mara gundi inapokauka. Na ukimaliza meza yote, futa uso wa reli kwa kitambaa chenye spiriti, maana utando wa gundi usioonekana unazuia umeme na utadhani injini imeungua.

Mgeni, Newala

Na nikikosea nikataka kuing'oa?

Mdau wa Masasi

Maji ya moto yenye sabuni, yamwagie na usubiri. Gundi nyeupe ya kawaida inalainika, reli inatoka nzima. Soma kopo kwanza, ile iliyoandikwa haipitishi maji usiinunue.