Pawa saplai inajibu *IDN? lakini OUTP ON haiwashi kitu

waya_mwekundu: Wakuu naombeni msaada. Nina pawa saplai ya kuprogramu nimeiunga na kompyuta kwa RS-232 (kebo ya siriali), nikituma *IDN? (amri ya kuiuliza ni kifaa gani) inajibu vizuri kabisa ila nikituma VOLT 5 (kuweka volti 5) halafu OUTP ON (kuwasha umeme utoke) inakaa kimya tu, skrini haibadiliki hata kidogo. Kebo nishabadilisha mara mbili. Nakosea wapi?

fundi_volti: Kama *IDN? inajibu basi kebo nzima, achana nayo. Nyingi zikiwa kwenye siriali zinaendelea kusikiliza vitufe vya mbele mpaka utume SYST:REM (amri ya kuipa kompyuta usukani), anza na hiyo. Halafu uliza SYST:ERR? uone inalalamika nini.

waya_mwekundu: Daah VOLT imekubali! Kosa lililotoka ni -113, kumbe kwenye kodi niliandika OUTPT ON 😂 Nimerekebisha ikawaka, ila sasa inasoma volti 0.02 na taa ya CC inawaka.

fundi_volti: Haha, -113 ni amri haijaitambua, inakubali OUTP au OUTPUT, katikati hapo hamna.

koili7: Hiyo CC ni limiti ya mkondo, CURR yako (mkondo wa juu unaoruhusu) itakuwa iko sifuri au karibu na hapo. Weka CURR 0.5 KABLA ya OUTP ON. Na usiamini VOLT? maana inakurudishia namba uliyoweka wewe mwenyewe, volti halisi inayotoka uliza MEAS:VOLT?

waya_mwekundu: 4.998. Asanteni sana wakuu, siku 2 nzima nilikuwa nahangaika na kebo.