MREJESHO: Amplifaya ya gitaa iliyokuwa ikivuma, Kigoma

Wakuu, ile amplifaya ya transista niliyoiombea ushauri humu, iliyovuma hata gitaa likichomolewa, imepona. Aliyeshauri volyumu ishushwe hadi sifuri kwanza alipatia: mvumo haukupungua, kwa hiyo kosa lilikuwa pawa saplai (sehemu inayoilisha amplifaya umeme), si waya wa gitaa. Umeme wetu ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na baada ya daraja la dayodi (dayodi nne zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC) mvumo unakuwa hezi 100. Ukisikia mvumo huo, shuku kapasita za kuchuja, zinazotunza chaji na kulainisha umeme huo. Zilikuwa mbili, maikrofaradi 2200 volti 35, moja imevimba kichwa. Zimewekwa za volti 50 (volti zilizoandikwa kwenye kapasita mpya zikizidi za zamani si neno, zikiwa pungufu kapasita inaweza kupasuka), chanya na hasi pande zilezile. Kabla ya kugusa: chomoa umeme, toa chaji iliyobaki kwenye kapasita kwa rezista, pima kwa mita. Mkwaruzo wa kitufe cha volyumu bado upo. Madukani mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, nimekosa spirei ya kukisafishia.